Ncha ya Pili

Jambiani, siku ya tatu.
Kitandani walinipangia taulo mbili kwa umbo la bata,
midomo yagusana.
Mmoja nilimkunjua usiku ule ule, nikajifutia chumvi.
Wa pili yupo vilevile tangu Jumatatu,
shingo imeanza kulegea.

Ulisema: tukistaafu, Zanzibar.
Ulisema ukiwa juu ya ngazi, unapaka dari rangi,
kule Same, mwaka ule wa mvua nyingi,
nami nikakujibu: kwanza maliza dari.
Dari ilikwisha, Elineema.

Miaka thelathini na mmoja nilikaa nyuma ya kioo
nikihesabu fedha zisizo zangu.
Kidole gumba hiki kinaijua noti bandia hata gizani.
Nilidhani nikifika hapa, nikajilaza,
nikayatazama maji yasiyo na mwenyewe,
nitaletewa jumla:
kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki.
Nimelala. Nimetazama.
Wameniletea dafu lenye mrija
na kimwavuli cha karatasi.

Saa nne ya leo maji yakapwa.
Sikujua kuwa bahari huondoka hivi,
kama mtu aliyeitwa ghafla
akaacha mlango wazi na vyombo sakafuni:
majongoo, vigamba, kandambili ya mtoto,
mchanga wenye mikunjo
kama shuka lako la wiki ile ya mwisho.
Nikavua viatu, nikaingia.

Huko mbali nikamkuta Bi Mize amechutama
anafukua shimo lililozungushiwa mawe.
Harufu ilinifikia kabla ya salamu.
Makumbi ya nazi. Aliyafukia Mfunguo Nne,
leo anayatoa, meusi, malaini,
yanachuruzika.
Mashimo yametapakaa pwani nzima.
Nikamuuliza: lako hulipotezi?
Akanitazama. "Weye chumba chako hoteli wakipotea?"
Nusura niseme ndiyo.

"Ukiyawahi je?"
"Yatakukata mikono."
"Ukiyachelewa?"
"Huoza, yakawa si kitu."
Simu ikalia kiunoni mwake
akagombana na mtu kwa ajili ya mtungi wa gesi,
gombana sana,
nami nikabaki na majibu yake mawili
nikiyageuzageuza kwenye mwanga
kama noti yenye shaka.

Tulikuwahi wewe, au tulikuchelewa?
Daktari naye hakusema.

Alasiri nilimbebea kapu hadi kwake.
Uani kulikuwa na usumba wa juzi, umekwisha kupondwa,
umeanikwa juu ya bati, rangi ya nywele za mtoto mchanga.
"Nishikie hapa," akasema. "Mwanangu yuko kwenye mtihani."
Nikashika.
Akaenda kinyumenyume kuelekea ukuta wa jirani,
anasokota, anaongeza, anasokota,
na kamba ikaanza kunivuta.
Si kwa nguvu. Kama mjukuu
anayetaka uje uone kitu.
"Usilegeze, mama wa bara! Ukilegeza yajikunja!"
Nikakaza. Vidole vikawaka moto.
Hatua ngapi alikwenda, sijui.
Sikuhesabu.

Usidhani nimeelewa jambo.
Ilikuwa kamba ya kufungia mbuzi.
Alipofika ukutani akapiga fundo, akanishukuru,
akasema mikono yangu laini kama ya karani,
nikamwambia ndiyo, karani,
tukacheka, mimi nikichelewa kuacha.

Sasa ni usiku.
Viganja vinanuka ule uvundo,
sabuni ya hoteli, ya karafuu, imeushindwa.
Nimemkunjua bata wa pili
nikajifuta naye uso, taratibu,
kwanza upande mmoja, kisha ule wako.

Kesho, amesema Bi Mize,
maji yatapwa saa tano kasoro kidogo.