Kiti Nyuma ya Nguzo

Tulikuwa kumi na wanne kutoka Võru,
na Bi Vaike, mwalimu wa hesabu,
aliyetuhesabu kila kona ya London
kama mtu aliyekopeshwa watoto na anaogopa riba.

Tiketi alizinunua tangu theluji,
kwa pesa za keki tulizouza ukumbini shuleni.
Moja ilikuwa nusu bei. Hakutuambia kwa nini.
Kura ikaniangukia mimi.

Ghorofa ya tatu, ngazi za kukata pumzi,
mahameli nyekundu iliyopauka kama goti la suruali,
kisha nguzo: nene, ya rangi ya dhahabu,
imesimama kati ya macho yangu na jukwaa
kama shangazi asiyejua kwamba ameziba televisheni.

Taa zikazimwa. Ala zikaanza chini shimoni.
Mke wa mwoka mikate akaingia, akaimba
kwamba mume hajarudi vitani na tanuri limepoa,
akatembea hatua nne,
akaingia ndani ya nguzo.
Sauti ikabaki. Mtu hakuna.
Na Kiingereza chenyewe nilikuwa nakiokota
neno moja moja, kama punje sakafuni.

Kila jambo kubwa lilitokea kushoto.
Kushoto barua ilisomwa. Kushoto mtu alianguka, kishindo,
ukumbi mzima ukavuta pumzi,
nami nikaikodolea macho nguzo, nayo haikujali.

Basi nikageuka, nikasoma nyuso.
Kaupo, anayejidai hana machozi,
alikuwa akitafuna kamba ya koti lake.
Leelo alikunja kijitabu cha onyesho mpaka kikawa fimbo.
Na Bi Vaike, miwani mkononi,
midomo ikihesabu mapigo,
moja, mbili, tatu, moja, mbili, tatu,
shavu limelowa.
Sikujua kwamba walimu wa hesabu hulowa.

Wakati wa mapumziko, juu ya aiskrimu
ya bei ya chakula cha mchana,
akaniambia: "Tubadilishane."
Nikasema hapana. Sijui kwa nini.
Ninajua. Nilitaka kuendelea kumwona.

Ndani ya treni ya chini ya ardhi nikawauliza:
kushoto kulikuwa na nini?
Wakajibu wote pamoja, Kiestonia kikajaza behewa.
Kulikuwa na dirisha. Dirisha gani, ule ni mlango!
Mume alirudi. Hakurudi, yule ni mdogo wake.
Tanuri liliwashwa kwa moto wa kweli, naapa.
Ni taa tu, mjinga wewe.
Mzee mmoja Mwingereza alishusha gazeti
akasikiliza asichokielewa, akitabasamu,
na nilimwelewa sana.

Kesho yake tukaona mchezo mwingine,
viti vya katikati, mvua ya maji halisi jukwaani.
Nimeusahau.

Nyumbani mama akauliza: uliona nini huko?
Nikagonga meza kwa kidole,
moja, mbili, tatu, moja, mbili, tatu,
naye, sahani mkononi,
akaanza kuyumba.