Kioo cha Pili

Simu iliita saa mbili na robo, mlima ukiwa bado wazi.
"Fundi, kompyuta inawaka, inaandika jina la kiwandani,
vinukta vinazunguka, halafu giza. Tii!
Na leo ndiyo malipo ya kahawa."
Alikuwa Aikaruwa, karani wa chama cha msingi,
sauti yake kama ya mtu aliyebeba maziwa
kwenye utelezi.

Nikafunga kibanda changu cha Kiborloni.
"Ndelilio, shika funguo," nikasema,
kwa mazoea tu.
Kiti chake kina boksi la vipuri tangu ahamie Geita.

Ofisi inanuka magunia.
Wakulima wamebanana kwenye benchi, vitabu vya mauzo mapajani,
wanakitazama kile kioo
kama ndugu wanaosubiri daktari atoke.

Haya. Tuanze na lile la aibu:
waya wa umeme. Umekaa.
Kitaa cha kioo: buluu, kisha rangi ya chungwa,
kinakonyeza, kinakonyeza.
Feni inavuma. Mlio mmoja, mfupi.
Mlio mmoja ni salamu,
mitatu ndiyo ningeomba maji ya kunywa.
Nimezima. Nimewasha.
Jina la kiwandani. Vinukta.
Moja, mbili, tatu, nne,
giza.

Nikabadilisha kebo. Giza.
Nikafungua ubavu, nikapuliza vumbi,
likanirudia lote usoni.
Nikachomoa kadi ya kumbukumbu, nikaisugua meno
kwa kifutio cha penseli cha mjukuu wa mtu,
nikairudisha hadi ikasema ka!
Giza.
Bibi mmoja akauliza, "Imekufa?"
"Mama, maiti haina feni."
Benchi zima likacheka.
Mimi sikucheka, nilikuwa nimeishiwa.

Ndipo nikasikia. Ndani ya lile giza
mashine ikapiga kale kamuziki kake ka kukaribisha.
Imefika, basi! Imefungua mlango,
imetandika meza, inaita watu waje.
Ila chumba gani?

"Aikaruwa, nani aliitumia mara ya mwisho?"
"Jumamosi, mkutano mkuu. Tuliazima projekta parokiani,
tukaonyesha mahesabu ukutani.
Jana ikarudi, kwa bodaboda."
"Yote?"
"Yote."

Nikapeleka mkono nyuma ya mashine,
kwenye utando wa buibui na nyaya,
nikapapasa kama anayetafuta yai chini ya kuku.
Hicho hapo: kijikebo kifupi cha kubadilishia,
kichwa kimoja kimezama ndani,
kingine kinaning'inia, hakijashika kitu.

Kumbe haikuwa kipofu.
Tangu asubuhi ilikuwa ikionyesha kila kitu,
majina, kilo, shilingi,
kwa mgeni aliyekwisha kuaga.
Aliacha mkono wake mlangoni,
nayo ikaamini bado yupo.

Nikakichomoa.
Kioo kikasita, kikapepesa,
kikajaa ng'ombe wa Aikaruwa,
mafaili kumi na saba yametapakaa juu ya tumbo lake.
Bibi wa swali akasimama wa kwanza,
"Ndewingia Makundi, anza na mimi."

Nililipwa elfu kumi na kichane cha ndizi.
Nje, mlima ulikuwa umeshajifunika;
hakuna aliyempigia fundi.

Kibandani nimeweka ndizi juu ya boksi la vipuri.
"Ndelilio," nikaanza, "huwezi kuamini ilikuwa nini,"
nikamsimulia yote, na bibi, na ng'ombe,
bila kuruka hata mlio,
maana kisa cha fundi hakilali tumboni.
Nilipofika mwisho nikanyoosha mkono
anipe bisibisi ya nyota.

Kijikebo cha parokia bado kiko mfukoni.