Futi za Mraba

Machi, na theluji ya Duluth bado imekaidi.
Nabisha kwa Bi Aune Kivelä, futi kamba mfukoni,
kitambulisho cha kaunti shingoni kama njuga ya mbuzi:
mtaa mzima unajua nimefika.

Ananipa kahawa, kisha hoja.
"Paa ni jipya, Bwana Tollefson, nakiri.
La zamani lilivuja hadi tukalala na sufuria kitandani.
Kutolowa nako ni anasa?"
Hapana, mama. Hiyo ni nyumba imerudi ilikokuwa.
Siandiki.
Madirisha? Siandiki.
Rangi ya buluu? Upepo wa ziwa utaidai kabla yetu.
Anayeziba ufa hatumsumbui;
anayejenga ukuta, huyo ndiye wetu.

Nyuma ya jiko kuna mlango.
Kwenye jalada langu ni ghala la viazi.
Nauliza. Ananyamaza, anaufungua.

Bafu.
Vigae vyeupe vimepinda kidogo kona ya kushoto,
chuma cha kushikilia kimefungwa kimo cha kifua chake yeye,
beseni dogo, na dirisha lisilotosha hata paka.
"Eino alikuwa hawezi tena ngazi za juu.
Alilijenga majira yote ya baridi, kwa magoti,
kibali hakukumbuka."
"Akalitumia?"
"Mara tisa. Nilihesabu."

Nikapima. Sita kwa tano.
Fomu yangu haina safu ya magoti.
Bafu la pili ni bafu la pili:
thamani hupanda, kodi hufuata kama mkia.
Ila ipo safu ya ubora wa kazi,
na humo kalamu yangu ina uhuru kidogo.
Nikaandika: *hafifu*. Ingempunguzia.

Sikujua amesimama begani pangu,
miwani imeshuka puani.
"Futa."
"Mama, hili neno linakusaidia."
"Mume wangu hakufanya kazi hafifu
hata siku moja katika nyumba hii. Futa."
"Itakuwa dola mia na kitu, kila mwaka."
"Najua kugawa kwa kumi na mbili."

Nikafuta. Nikaandika *nzuri*,
akanifanya nirudie, herufi zisomeke.

Nikitoka, kidato cha tatu cha baraza kikalia chini yangu.
"Hicho nitakitengeneza kiangazi," akapaza sauti mlangoni.
"Kutengeneza, Bwana Tollefson. Umesikia?
Sikusema kuongeza."