Herufi Sitini na Nne

Katuba, saa tatu usiku. Umeme umerudi kama mgeni
asiyevua viatu, nami nafanya haraka.
Kushoto diski ya asili, kulia nakala
aliyoiacha Mbuyi kabla hajahamia Kolwezi,
katikati mimi, na chai iliyopoa zamani.

Daftari zote za wodi ya wazazi zimo humu.
Zilipigwa picha ukurasa kwa ukurasa
mwaka ule mchwa walipoingia stoo.
Kunakili ni kazi ya mashini.
Kuamini ndiyo kazi wanayonilipa,
wakikumbuka kunilipa.

Jina la faili halinitoshi. Uzito wake haunitoshi.
Mashini huisaga kila faili kama muhogo mkavu
mpaka ubaki unga wa kiganja kimoja:
herufi na tarakimu sitini na nne, basi.
Gusa nukta moja ndani, unga wote unageuka.

Nasoma kwa sauti, kushoto, kulia, sawa.
Kushoto, kulia, sawa.
Ilunga mlinzi, aliyekimbia baridi ya Juni,
anauliza kama ni rozari.
Namwambia akae, asiguse waya.

Mimi ni Kabanga. Mbuyi alinitangulia kwa robo saa.
Shuleni walitupima kwa jicho: sawa.
Shangazi alitupima kwa sauti: sawa.
Mama peke yake alitushika visigino gizani
na hakukosea hata mara moja.
Tangu tumzike hatusemezani.
Alisema lake kuhusu kiwanja, nikasema langu,
na ukoo mzima ukakosa wa kushika visigino.

Faili ya mia sita na kumi na moja.
Kushoto inaanza na b4. Kulia inaanza na 29.
Narudia. b4.
29.
Jina lile lile, uzito ule ule.

Nikasema: Mbuyi huyo! Haraka zake!
Nikaona hata raha kidogo.

Lakini mashini inajua kwamba zimetofautiana,
haijui ipi inadanganya.
Nikazifungua zote mbili.
Kushoto, kwenye asili, ukurasa unakatika katikati,
chini yake kijivu kitupu, kama sufuria iliyoungua.
Kulia, kwa Mbuyi, mistari yote ipo,
mpaka wa mwisho, wino ukiwa umevuja:
mtoto wa kike, kilo mbili na nusu,
mama alikuja kwa miguu kutoka Ruashi.

Ilunga anasogeza kiti. Ipi ya kweli?
Sikumjibu upesi.

Nikachukua ya kulia, nikaiweka kushoto.
Nikasaga upya. 29 na 29, mpaka herufi ya mwisho.
Kwenye daftari langu nikaandika kwa kalamu:
*611, asili imeoza. Imetumika ya Mbuyi.*

Zimebaki mia nne na kitu.
Simu iko hapo mezani, kando ya chai.
Kolwezi nako ni saa nne sasa,
na yeye halali mapema, najua,
maana mimi silali.