Makonyo

Usiku tulichambua hadi saa nne,
karafuu jamvini, makonyo pakachani,
na maneno nayo yakachambuliwa.

Zuwena akasema sindano ile yafunga kizazi,
kasikia kwenye simu, sauti ya mtu wa Wete,
jina hana.
Mkasi akasema mkono wake ulivimba siku mbili,
hata nazi hakukuna.
Hilo kweli, mkono niliuona.
Mie kimya, vidole vyanata,
mtoto akijigeuza tumboni
kama anayetafuta upande wa mto wenye baridi.

Shaame yuko Unguja, kibaruani.
Nilimpigia. Akanambia, "Muulize mama."
Ndilo jibu lake kwa kila jambo
asilotaka kulikosea.

Na mama, Bi Time, alikuwa akipepeta tu.

Mwezi uliopita nilikwenda kituoni nikarudi.
Muuguzi aliniuliza mbele za watu
kwa nini nimechelewa, utadhani nimeiba.
Ukutani mama wa kuchorwa alinichekea.
Nikaondoka na kadi yangu tupu.

Jumatatu Bi Time akavaa buibui lake la mazikoni.
"Twende," akasema. Sikuuliza.

Zamu ilikuwa ya Hidaya, wa hapa hapa Kangagani.
Alitupa kiti kwanza.
Nikamuuliza la kizazi, nikamuuliza la mkono,
nikamuuliza kwa nini dawa ni ya bure
na panadoli twanunua.
Hakucheka.
La mkono akalikubali: utauma.
La kizazi: "Mie nilichomwa mimba ya kwanza,
na wa nne yuko chuoni, alifu bado yamshinda."
La bure akasema halijui lote.
Ajualo ni pepopunda:
achomwe mama, mwana azaliwe na kinga.

Kisha, kwa mazungumzo tu,
"Na wewe bibi, ulizaa wangapi?"

Siku zote ni sita.
Harusini sita, matangani sita,
na Shaame kakua akiitwa kifungua mimba.

"Saba," akasema Bi Time.

Kitovu kilikatwa kwa kisu cha makuti.
Siku ya tano akakataa ziwa,
kinywa kikafunga kama chaza,
na mlango ukigongwa, mwili wote wapinda.
"Tukasema dege. Tukafukiza.
Jina lilikuwa la siku ya saba.
Hakuifika."

Hidaya aliweka kalamu chini.
Mkono wa dera nilijipandishia mwenyewe.

Jioni nikapiga Unguja: "Mama nimemuuliza."
"Kasemaje?"
Nikamwambia nimeshachomwa.
Lile jengine si langu kumwambia.

Usiku tena jamvini. Mkono wauma,
kama alivyosema Mkasi, nachambua kwa mmoja.
Zuwena anitazama begani.
"Wauma?"
"Wauma."
Akasogea, asiseme kitu,
akavuta fungu langu upande wake.