Mwimo wa Mlango wa Jikoni

Orvokki, nimeingia bila kubisha.
Nisamehe, mikono yote miwili imejaa fimbo:
jozi yangu, na jozi niliyokuletea.
Nje ni nyuzi kumi na moja chini ya sifuri.
Usinitazame hivyo. Jana zilikuwa kumi na tisa.

Najua, ulilala saa nane mchana
ukaamka umechoka kuliko ulivyolala.
Huu si uchovu wa mtu aliyepasua kuni.
Mimi nilidhani nitaumaliza kwa kujifunika:
nikajifunika Novemba, nikajifunika Desemba,
nao ukanenepa chini ya blanketi kama paka.

Ngoja nikusimulie habari ya mwimo.

Mwimo wa mlango wangu wa jikoni una alama za penseli,
kimo cha wanangu tangu waliposimama dede.
Venla, miaka miwili. Ilmari, mitatu,
anachuchumia ili amshinde dada yake.
Kuta nimezipaka rangi upya mara nne,
mwimo sijaugusa.

Wiki ya tatu baada ya kisu,
Tuulikki, yule tabibu wa viungo, aliniambia:
pandisha vidole ukutani kama buibui,
pale vitakapogoma, weka alama.
Nikasimama mwimoni.
Vidole vikapanda, vikatetemeka, vikagoma
kwa Ilmari, darasa la kwanza.

Nililia, Orvokki, na si kwa maumivu.
Mkono uliowabeba wote wawili kwa pamoja,
na ndoo ya beri juu yake,
umeshindwa na kitoto chenye pengo la meno!

Kesho yake nikapanda unene wa mstari wa penseli.
Haba na haba hujaza kibaba, wanasema.
Hawakusema haba yenyewe ni ndogo kiasi gani.
Yangu ilikuwa nusu ya upana wa ukucha,
na siku nyingine hata hiyo ilinikimbia.
Baada ya mionzi, ngozi ilikaza
kama sweta lililofuliwa kwa maji ya moto,
nikashuka miaka miwili kwa wiki moja.

Aprili nikampita Venla wa gauni la kipaimara.
Juni nikamfikia Ilmari siku aliyoingia jeshini.
Juu yake hakuna alama, ni mbao tupu.
Nikaendelea.

Tangu hapo, kila Jumanne, tunatembea juu ya Kallavesi
barafu ikishakomaa.
Tuko tisa. Ukihesabu matiti utapata hesabu ya ajabu.
Hilkka hutambaa kama konokono,
na bado ndiye tunayemfuata,
maana chupa ya kahawa iko mgongoni mwake.
Hatuulizani habari za vipimo. Tunaulizana habari za magoti.

Sikuambii kutembea kutakuponya.
Hayo mwulize daktari, naye atakujibu kwa tahadhari.
Nakuambia tu kwamba usiku wa Jumanne nalala
usingizi wa mtu aliyepasua kuni.

Na hizi fimbo, kabla hujazishika:
ni za Sirpa.
Alitembea nasi majira mawili ya baridi,
Mei tukamzika.
Jumanne yake ya mwisho alifika hadi kwenye gati,
akageuka, akasema barafu imemchosha, si yeye.
Aliziacha kwangu kwa sharti moja:
zisikae kabatini.
Nimezikatalia kabati. Zimekaa nyuma ya mlango wangu
tangu Mei, zikinitazama.

Haya. Soksi ya mkono kwanza, ile inayobana,
nikuvutie hadi begani, usiikunje.
Kisha kofia. Kisha hivyo viatu vya mumeo, potelea mbali.
Leo hatuendi ziwani.
Tunaenda hadi kwenye sanduku la posta.
Ukichoka kabla ya hapo
tutakuwa tumefika pale ulipochokea,
nami nitachomeka fimbo moja thelujini, iwe alama.

Ila tutairudia kabla ya giza.
Sirpa hatanisamehe ikiibwa.