Swali la Kumi na Nne

Walinipa kishikwambi, fulana ya buluu,
na ahadi ya shilingi themanini kwa kila atakayejibu,
Nyakach ya chini, kutoka Katito hadi pale barabara
inapochoka na kuwa tope la mpunga.

Swali la kwanza umri. La pili jinsia.
La kumi na nne ndilo lililonileta:
Je, unaunga mkono mwamba upasuliwe, chini kwa chini,
kwa maji na mchanga na dawa, ili gesi itoke?
Ndiyo. Hapana. Sijui.
Visanduku vitatu, kila kimoja kama punje ya mchele.

Nyangao, ishirini na mitatu, kidato cha nne,
hakungoja nifike kwenye dawa.
"Ndiyo. Na ya ndugu yangu ndiyo,
yuko Kericho anachuma chai ya watu."
Nikamwambia ya ndugu haiingii.
"Basi yangu igonge mara mbili."

Mwenye gesti ya Sondu: ndiyo,
wahandisi nao si watalala?
Mwalimu Odindo, wa jiografia: hapana,
kwa dakika arobaini, akivunja mandazi
kunionyesha tabaka za dunia.
Nyumba yake iko Kisumu mjini. Maji yake ni ya mfereji.
Alikula tabaka zote, akaniaga.

Yunia mfinyanzi, sitini na mmoja,
elimu: hakuna.
Aliicheka hiyo hakuna, udongo hadi kwenye viwiko.
Akagonga chungu kwa kifundo cha kidole, akatega sikio,
akagonga kingine, akakiweka kando.
"Ufa hausemi," akaniambia. "Maji ndiyo husema.
Na yakisema, yameshamwagika."
Nikamuuliza: sasa hiyo ni hapana?
"Hiyo ni chungu. Andika unavyojua."

Nilisimama na kidole hewani.
Wahenga walituonya juu ya ufa usiozibwa;
hawakutuachia methali
ya ufa unaotangaziwa zabuni.

Kwa Abiero nilikuta mume na mke wakipukuchua mahindi.
Mume akasema sijui,
sijui ya mtu ambaye bado hajatajiwa bei.
Mke, Selina, akamtazama, akanitazama:
"Yangu iandike kama yake."
Nikaandika. Kikalia ti.
Alinisindikiza hadi kwenye ua wa ojuok,
akashika mkono wangu kama anayenirudishia chenji:
"Ibadilishe. Weka hapana. Kisima kile nilikichimba mimi,
yeye alikuwa Mombasa."
Nikabonyeza, nikabonyeza.
Jibu limefungwa, kikasema kile kioo,
tafadhali endelea kwa mhojiwa mwingine.
Sikumwambia. Nilisema, "Sawa, mama,"
na hayo ndiyo maneno ninayoyalipia mpaka leo.

Matokeo yalisomwa Kisumu, ukumbi wa baridi ya mashine,
duara la rangi limekatwa kama keki ya arusi.
Vijana wa kiume: wanaunga mkono.
Wenye shahada: wanapinga, kwa masharti.
Wanawake wa vijijini, asilimia arobaini na saba:
hawana maoni.
Kipande hicho kilipakwa kijivu.
Nilikikodolea macho, nikimtafuta Selina humo ndani,
na Yunia, ambaye kidole changu kilimtupa humo
jua likizama na betri ikiisha.
Mtu akauliza kama chai iko tayari.

Mama yangu naye: "Na wewe uliweka nini?"
Wanaouliza hawaulizwi, Mama.

Kwa malipo yangu nilirudi kununua chungu,
kile alichokuwa amekiweka kando;
hakutaka kuniuzia, nikang'ang'ania.
Nimekijaza jana usiku, nimekiweka pembeni mwa kitanda.
Asubuhi hii nimepitisha kiganja sakafuni, chini yake.
Pana unyevu.
Chungu kipya hutoka jasho, alinieleza, siku za mwanzo.
Huenda ni jasho.